Sanduku la Saba Limekamatwa Ipole

Jumatatu, Novemba. Asubuhi. Mawingu mazito upande wa Sikonge. Hapa mjini bado ni vumbi tu.

…na hilo la mwisho sikumwambia mke wangu Tausi, nalo ndilo linaloniuma zaidi: kwamba Alhamisi ile, kalamu ikiwa mkononi mwangu, nusu yangu ilikuwa inajua.

Nusu tu. Lakini nusu inatosha kumtia mtu hatiani.

Sasa ni saa mbili na nusu. Milango ya maktaba haijafunguliwa kwa wasomaji. Nimekaa nyuma ya kaunta, daftari hili liko magotini mtu asilione, na masikio yangu yako barabarani. Lori la Sikonge likifika kabla ya saa sita, na sanduku la saba likiwa ndani yake, barua iliyo juu ya meza ya Bwana, mkuu wangu wa kazi, itachanwa. Lisipofika, barua itapelekwa boma, na Mzee Ndahani wa Ipole atafuatwa na askari kwa kosa la kuzuia mali ya serikali.

Barua hiyo niliiandika mimi. Kwa mwandiko wangu mzuri, ule niliosifiwa shuleni.

Ngoja niandike kwa utaratibu, tangu mwanzo.

Kazi yangu ni kuyatembeza masanduku. Yapo tisa, ya mbao, yenye vyuma pembeni na kufuli, kila moja lina vitabu thelathini. Mengine huenda magharibi kwa treni: Urambo, Kaliua, Uvinza, mpaka Ujiji. Mengine huenda kusini kwa lori hadi Sikonge, na moja huendelea kutoka hapo hadi Ipole juu ya baiskeli ya Mzee Ndahani, ambaye ndiye mtunzaji wa chumba cha kusomea cha huko. Kituo hakipati sanduku jipya mpaka kiachie la zamani. La Ipole likirudi Tabora nalikagua, kisha linapanda treni kwenda Urambo. La Urambo linasogea Kaliua. Na hivyo hivyo hadi kule ziwani. Ukilishika moja, yote yanasimama, kama shanga zilizo kwenye uzi mmoja. Wazee wetu waliipita njia hiyo hiyo na mizigo mabegani. Mimi mizigo yangu naibeba kwa kalamu.

Nilipomweleza Tausi haya, wiki ya kwanza ya ndoa yetu, alisikiliza kidevu kikiwa mkononi, kisha akasema, "Kwa hiyo wewe ni mshenga. Kutwa unapeleka habari za huyu kwa yule." Niliona hakuna mtu aliyewahi kuieleza kazi yangu vizuri namna ile, hata Bwana mwenyewe.

Leo ni wiki ya sita tangu nimwoe. Wiki ya sita! Bado nikirudi nyumbani Isevya nasimama kidogo nje ya mlango, nisikie kwanza sauti yake ndani, kama mtu anayenusa chakula kabla ya kufunua kawa. Ni binti wa fundi cherehani wa Ng'ambo, na nguo zote anazovaa amezishona mwenyewe. Akicheka hufumba macho kwanza, kicheko hufuata baadaye, na kati ya kufumba na kucheka kuna kitambo kidogo ambacho ningependa kuishi humo. Naliandika jina lake pembeni mwa karatasi za ofisi, halafu nalifuta kwa kifutio. Karatasi zangu zote sasa zina mabaka meupe.

Na humo ndimo kosa lilimoanzia. Katika furaha yangu nilialika mtaa mzima. Nilialika walimu wangu wa zamani, wapiga ngoma, hata yule mzee anayetuuzia wino. Mzee Ndahani sikumwalika. Sikumpelekea hata salamu.

Nilimsahau.

Mtu wa mbali asiyejua mambo yetu angesema, kwani yeye ni nani kwako? Ni mtani wangu. Mimi ni Mnyamwezi, yeye ni Mgogo. Babu zetu walipokuwa wakipita Ugogo na misafara, babu zake waliwazuia mpaka walipe ushuru wa njia na wa maji, na kutokana na kuzuiana huko na kulipana na kutukanana ukazaliwa utani, unaodumu mpaka leo. Mzee Ndahani alikuja huku ujanani kwa kazi ya reli, akaoa Ipole, akatundika mizinga ya nyuki, hakurudi tena kwao. Mtani akioa, huarifiwa mtani wake. Huyo huja akashika kitu, akazuia mlango, akamtukana bwana arusi mpaka watu washike mbavu, kisha hupewa chake na kula na kubariki. Ndoa niliyofunga mimi haikuzuiwa na mtu. Ilipita tu, kama mwizi.

Saa tatu. Nimefungua milango. Lori hakuna.

Alhamisi Rajabu, dereva wa lori, aliingia hapa saa nane akiwa mweupe kwa vumbi, akaegemea kaunta. Sanduku la saba lilikuwa limechelewa wiki mbili, nami nilikuwa nimempa barua mbili za kuuliza.

"Karani," akasema, sauti ikijaa chumba, "sanduku lako halipo. Mgogo wako kalikamata."

"Kalikamata vipi?"

"Kalikamata! Kasema, mwambie huyo mpagazi wa karatasi, mzigo wake uko kwangu na haupiti. Kosa lake analijua mwenyewe."

Rajabu alikuwa anacheka. Mimi pia midomo ilikuwa imeanza kuvutika. Ndipo Bwana akatokea nyuma ya rafu na penseli yake sikioni.

Bwana ni Mwingereza mrefu, mwenye haki, anayesema Kiswahili kilichonyooka kama rula. Akauliza, "Nani amekamata sanduku? Kwa kosa gani?"

Hapo ndipo. Ningeweza kusema. Ningesema, Bwana, huyu ni mtani wangu, nimeoa bila kumwambia, anadai haki yake. Maneno hayo yalikuwa tayari ulimini. Lakini nilimwona Bwana na kola yake safi, nikajiona na tai yangu, na hati za masanduku zimepangwa mbele yetu, nikaona aibu kwamba vitabu vya jimbo zima vimesimamishwa na jambo la namna hii. Neno la utani lina tabia hiyo, likisikiwa na ofisi linabadilika sura mdomoni mwako mwenyewe.

"Sijui, Bwana," nikasema.

Rajabu aliniangalia. Alifungua mdomo, akaufunga, akatoka nje kukagua matairi ambayo hayakuwa na kasoro.

Bwana kwa muda mrefu amekuwa akisema Ipole ni mbali mno, kwamba pengine kituo kifungwe. Akaniambia nimwandikie Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, kule boma. Nikaandika. Na niongeze jambo jingine, kwa kuwa hapa hakuna anayesoma: niliandika haraka, kwa sababu ilikuwa inakaribia saa tisa na Tausi alikuwa ameniahidi matobolwa ya viazi vitamu na chai ya tangawizi. Nilimshtaki mzee wa watu ili niwahi chai.

Nyumbani nilimsimulia kama habari ya kazini. Nikadhani atanisikitikia. Alifumba macho, nikangoja, kikaja kicheko kilichomkalisha chini mkekani.

"Wewe Mnyamwezi wa wapi?" akasema akijifuta machozi. "Mgogo amekukamatia mzigo, nawe huelewi? Umeoa, ulimpa nini?"

"Sikumpa kitu."

"Ulimwarifu?"

"Nilisahau."

"Hee! Basi haki yake. Tena kakuheshimu huyo. Kakamata vitabu, angeweza kuja kunikamata mimi."

Alikuwa mzuri sana wakati ule, na mimi nilikuwa kama mtu aliyemeza kaa la moto. Nikamwambia juu ya barua. Kicheko kikakatika. Akauliza iko wapi, nikasema imo katika mfuko wa barua wa ofisi, mfuko unatoka Ijumaa asubuhi. Akaikunja ncha ya kanga yake, akaikunjua, akaikunja.

"Mtani hapelekwi bomani, mume wangu," akasema hatimaye. "Hata akikuibia mbuzi unamwangalia tu. Yule akifungwa utaishi vipi na watu?"

Alidhani sikuelewa. Aliniona mjinga, nami nikamwacha anione mjinga, kwa sababu mjinga bado anaweza kupendwa.

Saa nne kasoro robo. Mwalimu mmoja ameingia kuuliza vitabu vya hesabu. Nimempa cha kilimo. Amekirudisha kwa upole.

Ijumaa nilifika ofisini kabla ya mfagizi. Bwana alipoingia nilimfuata mezani nikamweleza yote. Nilieleza vibaya, nikianzia katikati, nikirudi nyuma mpaka kwa babu zetu na maji ya Ugogo. Alinisikiliza bila kunikatiza.

"Hii ni desturi," akasema.

"Ndiyo, Bwana."

"Imeandikwa wapi?"

"Haikuandikwa popote, Bwana."

"Kwa hiyo mtu anaweza kuzuia vitabu thelathini kwa sababu wewe umeoa?"

"Kwa sababu nimeoa bila kumwambia, Bwana."

Kisha akauliza swali ambalo nilikuwa nimekesha nikilihofia: "Kwa nini hukusema jana?"

Niliangalia sakafu. Nikasema niliona haya. Sikuongeza neno, wala yeye hakunidai jingine. Alienda mwenyewe kwenye mfuko, akaitoa barua, akaiweka mezani na rula juu yake. Akasema, "Jumatatu, saa sita. Sanduku, vitabu thelathini, na hati yake. Vinginevyo barua itakwenda. Na mimi Jumanne nitasema kwenye mkutano kwamba Ipole ifungwe."

Miaka miwili nimepanga safari za masanduku, na sijawahi kupanga safari iliyoning'inia kwenye uzi mwembamba kama hii. Lori linakwenda tena Sikonge Jumamosi, linalala huko, linarudi Jumatatu asubuhi. Mzee Ndahani huwa Sikonge kila Jumamosi kuuza asali, lakini je, Jumamosi hiyo angekwenda? Akienda, ingembidi arudi Ipole, alichukue sanduku, alilete tena Sikonge Jumapili. Mguu wake wa kushoto haukunjiki tangu alipoangushwa na mti wa mizinga, kwa hiyo baiskeli haipandi, anaisukuma tu kama mkokoteni. Na mvua zilikuwa zinakaribia. Nilichora safari hiyo kwenye karatasi, na kila nilipoweka nukta niliona mahali inapoweza kukatika.

Tausi ndiye aliyeandaa cha kukombolea. Jogoo mwekundu, wake mwenyewe, aliyekuja naye kutoka Ng'ambo. Kifuko cha chumvi ya Uvinza. Na barua, mimi nikiandika, yeye akinitamkia maneno huku anachambua mchele: "Ewe Mgogo uliyekimbia ukame kwenu ukaja kutumalizia maji, chukua jogoo huyu, usije ukamfuga ukidhani ni ng'ombe. Chukua na chumvi, uilambe mpaka ulimi wako ukumbuke adabu. Achia mzigo wetu. Mke ninaye, na asali yako yote haimfikii kwa utamu."

"Hilo la asali sikulisema mimi," akasema.

"Nimeongeza."

Akafumba macho. Ah, Tausi! Hata katika hofu ile, kitambo kile.

Jumamosi alfajiri nilimkabidhi Rajabu mzigo. "Jogoo huyu akinichafulia kiti," akasema, "nitamkamata mimi, na ndoa yenu itakuwa na kesi mbili."

Nilikuwa nimemweleza sababu ya haraka yetu, kwa hiyo nikamsihi, "Rajabu, ile habari ya barua ya boma, tafadhali, mzee asiisikie."

"Mimi? Mdomo wangu kaburi."

Kaburi lenye mlango wazi, niliwaza, lakini lori lilikuwa limeshaondoka.

Jana tulikwenda kuwasalimu wakwe zangu. Nilimwamkia mtu mmoja shikamoo mara mbili. Kila ngurumo iliposikika kusini niligeuza shingo, mpaka mama mkwe akauliza kama chakula hakina chumvi, maana nimekishika tu. Tausi akajibu kwamba nina mawazo ya kazi, akanikanyaga mguu pale mkekani, polepole, akauacha mguu wake juu ya wangu. Nusu saa nzima sikuogopa kitu.

Saa tano na robo. Bwana amepita, ameangalia saa ya ukutani.

Saa tano na nusu.

Mungu wangu, lilete hilo lori.

*

Saa nane mchana.

Lilifika saa sita kasoro dakika ishirini. Lilikuwa na matope mpaka madirishani, na Rajabu hakupiga honi, yeye ambaye hupiga honi hata akimwona paka. Nilitoka mbio. Bwana alitoka nyuma yangu, bila kukimbia, lakini hatua zake zilikuwa ndefu.

Sanduku la saba lilikuwa limefungwa ndani ya magome ya mti, yale ya kutengenezea mizinga, yamezungushwa na kushonwa kwa kamba kila upande. Tulipoyafungua mbao zilikuwa kavu. Mvua imenyesha huko tangu Jumamosi jioni, barabara ni bwawa, na mzee mwenye mguu mmoja mzima ameusukuma mzigo ule kutwa nzima ya Jumapili, na hakuna tone lililoingia. Tukahesabu pamoja, Bwana akitaja, mimi nikijibu. Thelathini. Kile cha ufugaji wa nyuki kilikuwa na alama ya dole gumba la nta katika ukurasa wa mizinga ya kisasa. Bwana aliigusa alama hiyo kwa kidole, akafunga kitabu bila kuandika kasoro yoyote.

Akaingia ofisini, akatoka na barua, akaichana vipande vinne mbele yangu.

Niliviokota vipande, nikavitia kapuni.

Kisha akafungua daftari la safari za masanduku, akaweka kidole pale panapoandikwa sababu ya kuchelewa. "Andika," akasema. "Safari hii uandike kweli."

Nikaandika: Karani alioa bila kumwarifu mtani wake.

Bwana alisoma mara mbili. Nadhani sijawahi kumwona akihangaika na uso wake namna ile. Akatia sahihi. Nikajipa moyo nikauliza kuhusu Ipole. "Kituo kinachorudisha vitabu thelathini vikavu katika mvua hii," akasema, "sitakifunga mimi." Akaenda kula.

Ningekuwa nimemaliza hapa, na furaha tele, kama si hati ya mzigo.

Kila hati ina safu ya mwisho, ya maelezo. Watunzaji wengine huandika humo "salama" au "kufuli bovu". Mzee Ndahani, tangu nianze kazi hii, hajawahi kuniandikia neno moja la adabu katika safu hiyo. Mara moja aliandika: "Limefika. Kama ungelibeba wewe lingekuwa bado Sikonge linaomba maji." Mara nyingine: "Vitabu ni vizuri, aliyevipanga ana mikono ya fisi." Nilizisoma hati za Ipole kwanza kuliko zote. Siku ambayo kazi ilikuwa nzito, nilizitoa kabatini nikazirudia.

Leo safu hiyo inasema hivi, nanukuu yote:

"Sanduku namba saba limerudi. Vitabu thelathini, kamili. Nasikitika kuchelewesha kazi ya serikali. Wako mtiifu, Ndahani."

Wako mtiifu.

Niliinua macho. Rajabu alikuwa amesimama mlangoni, na jogoo mwekundu kwapani. Na kifuko cha chumvi mkononi, fundo lake halijafunguliwa.

"Kakataa," akasema. "Kasema mali ya karani wa serikali yeye haichukui, asije akaambiwa kaiba."

"Ulimwambia."

"Aliniuliza, kwa nini haraka hivyo? Ningemjibu nini? Nilidhani atacheka, Karani. Wallahi nilidhani atacheka."

"Hakucheka?"

"Aliomba kamba ya kufungia mzigo. Basi. Akaanza safari ya kurudi Ipole saa ile ile, hata asali hakumaliza kuuza."

Rajabu aliweka jogoo juu ya kaunta. Jogoo akatembea juu ya hati zangu zote, na mimi sikumfukuza.

Nimeokoa sanduku. Nimeokoa kituo. Askari hawatakwenda. Lakini nimemfanya mzee anayenizidi miaka arobaini aniandikie kwa adabu, na sijui kama kuna kitu kibaya zaidi ambacho Mnyamwezi anaweza kumtendea Mgogo.

*

Jioni, kabla ya magharibi. Isevya.

Nimemwambia Tausi. Yote, pamoja na ile nusu yangu iliyojua. Nilimwambia nikiwa nimesimama, na jogoo mkononi, hata viatu sijavua, kwa kuogopa kwamba nikikaa nitapunguza maneno.

Hakufumba macho. Aliyafungua sana, akanitazama kama anayepima kitambaa na kukuta kimepungua.

"Kwa hiyo ulijua," akasema.

"Nusu."

"Na ukamwambia Mzungu hujui."

"Ndiyo."

Alimchukua jogoo, akamfunga mguu kwenye nguzo ya jikoni, akamtilia maji. Alichukua muda mrefu kumtilia maji jogoo mmoja. Nilisimama pale nikihesabu nyufa za ukuta, nikiwaza kwamba wiki sita ni chache sana, kwamba mtu anapaswa kupewa angalau mwaka kabla mkewe hajagundua jinsi alivyo mdogo.

"Basi twende," akasema bila kugeuka. "Mimi na wewe na huyu jogoo. Ipole. Akutukane mbele yangu, nisikie."

"Na asiponitukana?"

"Tutakaa mlangoni pake mpaka atukane. Mimi nitamwanza. Nitamwambia nimekuja kuona huyo Mgogo anayelia kwa ajili ya karatasi."

Ndipo akacheka, si sana, lakini alicheka, na akaja akanisaidia kufungua tai iliyokuwa imevishinda vidole vyangu. Nampenda mpaka naona haya kuandika. Nampenda zaidi leo kuliko siku alipovalishwa dhahabu, maana siku ile hakuwa na sababu ya kunikasirikia.

Hofu haijaniacha, hata hivyo. Naiona siku hiyo: tumefika Ipole na matope miguuni, Mzee Ndahani anatoka nje, anatandika mkeka mzuri, anamwita mkewe alete maji, ananiambia karibu, Bwana Karani, habari za safari, na kila neno liko mahali pake. Akinipokea vizuri hivyo nitakuwa nimempoteza. Sina dawa ya hilo. Naweza kupanga treni na lori na baiskeli vikutane wakati mmoja, lakini siwezi kupanga mzee anisamehe.

Sanduku la tatu linakwenda Ipole Jumamosi hii. Hati yake nimekuja nayo nyumbani, jambo ambalo kanuni haziruhusu, na Tausi ameshika taa huku nikiandika katika safu ya maelezo, ambayo mimi kwa kazi yangu sina haki ya kuandika:

"Ewe Mgogo, utiifu wako sikuuomba, urudishe ulikoutoa. Kosa ni langu, nalo nalijua. Kabla ya mwezi huu kwisha tunakuja kwako, mimi na mke wangu Tausi, tunapita njia yako na ushuru hatujalipa. Tukamate."